Kasi ya Mia

Mwaka wa 1999 ungeweza kuhesabu kompyuta za mji wa Homa Bay kwa vidole, na nyingi zilikaa maofisini zimefunikwa vitambaa vya kufuma, zikingoja mtu mwenye ujasiri wa kuziwasha. Iliyofanya kazi kweli kweli ilikuwa ya Cephas Onditi, kwenye chumba kimoja cha mabati mlango wa pili kutoka duka la Noordin la misumari na saruji. Cephas alianza na redio. Kutoka redio akaenda kwenye pasi, kutoka pasi akaenda kwenye spika za kanisa, na alipofika kwenye kompyuta akatulia, kama mtu aliyezunguka soko zima ndipo akapata alichokuja kununua.

Hakuwa na maneno mengi. Wateja walimpenda kwa hilo na wakamcheka kwa hilo hilo. Ukimletea redio iliyonyamaza, hakukuuliza ilianguka lini wala ni nani aliyeiangusha. Aliifungua, akakaa nayo, akaisubiri ikubali yenyewe kusema inaumwa wapi. Mtu wa namna hiyo anafaa sana kwa redio. Kwa mke sina hakika.

Mkewe aliitwa Nyangi, Mkuria wa Kegonga, muuguzi kwa kazi. Walijuana Migori, Cephas alipoitwa kutengeneza redio ya wodi ya kina mama. Cephas hakujua Kikuria, Nyangi hakujua Kijaluo, kwa hiyo mapenzi yao yalikwenda kwa Kiswahili tangu salamu ya kwanza. Cha Nyangi kilikuwa kimenyooka, kimevuka mpaka kutoka Tanzania pamoja na mchele. Cha Cephas kilikuwa cha sokoni. Nyangi alikuwa akimrekebisha hata wakigombana, jambo lililomfanya Cephas ashindwe ugomvi wote tangu waoane.

Mwaka wa 1997 Nyangi alipata kazi Botswana, kwenye hospitali karibu na Francistown, mkataba wa miaka miwili. Wauguzi wengi walikwenda wakati ule. Binti yao Lynnet, aliyekuwa na miaka mitano, akapelekwa kwa nyanya yake huko Rodi Kopany, na Cephas akabaki na chumba cha mabati na kitanda kilichokuwa kipana kupita kiasi. Alimtamani mkewe. Tuseme hivyo hivyo tu, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema kwa mtu. Kila jioni aliwasha redio, akatafuta stesheni ya Tanzania, akasikiliza kipindi cha salamu ambacho Nyangi alikipenda: fulani wa Musoma anamsalimu fulani wa Tarime. Cephas hakumjua hata mmoja wao, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Majirani walikuwa na ushauri, kama kawaida ya majirani. Mke akiwa mbali jiko hupoa, walisema, na kwa mila zetu jiko la pili si dhambi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cephas aliwasikiliza, akawatengenezea pasi zao, akawaaga.

Nyangi alikuja likizo Disemba ya mwaka wa 1998. Alisafiri siku sita kwa basi: Lusaka, Tunduma, Mbeya, Mwanza, Musoma, mpaka akavukia Isebania akiwa na miguu iliyovimba. Alipofika, kabla hata ya kunywa maji, alifungua leso kifuani, akafungua fundo kwenye pindo lake, mahali mama zetu wanapofunga nauli na sadaka, akatoa kipande kirefu cha rangi ya kijani chenye vijisanduku vyeusi. Ilikuwa memori ya kompyuta. Cephas alikuwa ameitaja mara moja tu katika barua, kama mtu anavyotaja mvua.

"Ni ya mia," Nyangi alisema. "Nilimwambia yule Mhindi wa dukani, nataka ile ya kasi ya mia, si nyingine. Shika. Usiku sikulala, nilikuwa naishikilia."

Cephas aliishika ikiwa bado na joto la mwili wake.

Kwa wasiojua mambo haya, ni hivi. Ndani ya kompyuta kuna mapigo, kama ya moyo, ila yake huhesabiwa kwa mamilioni kila sekunde. Memori ndipo mahali mashine inaposhikilia kile inachokifanyia kazi wakati huo. Kila kipande huuzwa kikiwa na karatasi ndogo inayosema kinaweza kwenda na mapigo mangapi. Cha zamani cha Cephas kilikuwa cha sitini na sita. Bodi yake mpya, ule ubao wa ndani unaobeba vipande vyote, iliweza kwenda sitini na sita au mia, upendavyo, ukihamisha kijidude kimoja cha plastiki kutoka kwenye pini hizi hadi zile.

Siku ya kurudi, kwenye stendi ya Migori, Nyangi alimshika mumewe mkono wa shati.

"Baba Lynnet, mkataba wangu unaisha Septemba. Lakini kabla ya Julai kwisha wanataka nitie sahihi kama naongeza miaka miwili au la. Ukiona kazi yako imeshika, uniambie."

"Nitakuambia."

"Uniambie, si kunyamaza."

"Nimesema nitakuambia, Mama Lynnet."

Basi likaondoka. Tangu siku hiyo Cephas alikuwa na jambo moja tu kichwani: kazi ishike, Nyangi arudi. Na kazi ilikuwa ni ile mashine.

Wiki ya kwanza ya Januari mashine ilikimbia kwa kasi ya mia kama ndama aliyefunguliwa kamba. Cephas akaandika barua wiki hiyo hiyo: inaenda mia, kama ulivyosema. Wiki ya pili, saa nane mchana, ikakwama. Kishale kikaganda katikati ya skrini, kibodi ikawa mbao tupu, na ratiba ya mazishi aliyokuwa akiichapa kwa ajili ya familia moja ya Asego ikapotea na wimbo wake wa mwisho.

Alianza na joto. Mabati ya Homa Bay saa nane mchana yanaweza kukaanga yai, kwa hiyo alivua kifuniko cha mashine, akaiwekea feni ubavuni. Ikakwama saa tatu asubuhi, kukiwa na baridi. Akahamia kwenye umeme, maana umeme wetu hupanda na kushuka kama mgonjwa wa malaria. Akaazima kifaa cha kusawazisha umeme. Ikakwama umeme ukiwa umetulia kabisa. Akachomoa memori, akasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, akaipuliza, akairudisha. Ikaenda siku mbili nzima, naye akaanza kupiga mluzi, na siku ya tatu ikakwama. Akaihamisha kwenye tundu la pili, kisha la tatu. Akafungua ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, akailegezea memori muda wa kujibu, mapigo matatu badala ya mawili. Ikastahimili kidogo zaidi, kisha ikakwama.

Alikuwa na flopi yenye programu ndogo ya kupimia, aliyopewa na rafiki yake wa chuo cha ufundi Kisumu. Programu hiyo huandika namba katika kila pembe ya memori, kisha inarudi kuuliza: nilikuwekea nini hapa? Memori iliyo nzima hujibu ilichowekewa. Ya Cephas ilijibu vizuri kwa nusu saa, mara nyingine kwa saa mbili, halafu mahali fulani ikajibu jambo lingine, na mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini.

Siku moja ya Machi alihamisha kijidude cha plastiki, akaishusha mpaka sitini na sita, akaacha programu ipime kuanzia asubuhi. Ilipofika jioni hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Fundi mwingine angeshukuru Mungu akafunga kifuniko. Cephas alikaa akaitazama ile skrini safi, na hasira ikampanda. Mke wake amekaa kwenye basi siku sita amekumbatia mia, aje aambiwe ni sitini na sita? Akairudisha kwenye mia, akaenda kulala na njaa.

Ujinga? Ndiyo. Lakini usimcheke sana, kwa maana kitu kile kilikuwa ndicho pekee Nyangi alichomwachia mkononi, na mtu hapendi kukiri kwamba kilichotoka kwa mpenzi wake kina kilema. Barua zilikwenda Francistown kila wiki mbili, na kila moja ilisema mashine inaenda mia.

Mwezi wa Mei akaja Mwalimu Truphena. Alikuwa mwalimu mkuu huko Ndhiwa, mama mnene mwenye miwani ya kufungwa na kamba, na walimu wakuu wenzake walikuwa wamempa kazi ya kutafuta mtu wa kuchapa na kupanga matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la nane mwezi wa Julai. Shule arobaini na moja. Mtu atakayeifanya vizuri, alisema, atapewa kila muhula, na shule zenyewe zitamletea barua na mitihani yao yote. Ndiyo kazi aliyokuwa akiingoja Cephas, imekuja kwa miguu yake na mkoba wa ngozi.

"Lakini nitakujaribu kwanza, nyathina," Mwalimu alisema, maana alimwita kila mtu mtoto wake. "Hii ni marks ya shule yangu tu. Nipangie, nirudi Ijumaa."

Cephas aliingiza alama zote, akahakiki mara mbili, akachapisha. Ijumaa Mwalimu Truphena alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha, akasimama.

"Cephas. Huyu mtoto hesabu yake mimi ndiye nilisahihisha. Alipata kumi na mbili. Mashine yako imempea hamsini na mbili. Ilimfundisha lini?"

Cephas akachukua karatasi ya alama: kumi na mbili. Akafungua nakala aliyoweka kwenye flopi asubuhi ya kwanza: kumi na mbili. Lakini iliyokuwa ndani ya mashine ilisema hamsini na mbili. Kukwama ni jambo moja, mtu huona kumekwama. Hapa mashine haikukwama. Ilibadilisha tarakimu moja kimya kimya na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

"Si mkono wangu, Mwalimu. Ni memori."

"Memori si ndiyo ya kukumbuka? Sasa kama inasahau, ni ya nini?"

"Itatengenezeka."

"Sikiza. Mtoto mmoja akipewa marks ya mwingine, wazazi hawatakuja kwa mashine. Watakuja kwangu, na fimbo. Mimi nakupenda, nyathina, hii kazi naona ni yako. Lakini mwanzo wa July nikikuta bado inadanganya, napeleka Kisumu. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

Sasa ilikuwa haiwezekani tena kubembelezana na kile kipande. Wiki ya kwanza ya Julai Cephas alikichomoa, akakifunga kwenye gazeti, akaenda Migori kwa Kultum.

Kultum alikuwa mjane wa Mombasa, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Marehemu mumewe alimwachia redio na saa za ukutani. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya maelezo ambavyo wengine huvitupa na boksi. Alikuwa na mashine yake ya kufanyia hesabu za duka, bodi ya mia na memori ya mia, na haikuwahi kumsumbua. Alimkaribisha Cephas kwa chai ya tangawizi, akamwachia bisibisi.

Cephas alichomoa memori ya Kultum, akaweka ya Nyangi, akawasha ile programu ya flopi. Baada ya dakika arobaini mstari mwekundu ukatokea. Akarudisha ya Kultum. Wakanywa chai, wateja wakaja na kwenda, adhuhuri ikaadhiniwa, Kultum akafunga mlango akaswali, akafungua tena. Hakuna mstari. Basi ugonjwa haukuwa kwenye bodi ya Cephas, wala kwenye umeme wa Homa Bay, wala kwenye mabati. Ulikuwa ndani ya kile kipande.

"Kipya hiki," Kultum alisema, akikigeuzageuza kwa kukishika pembeni. "Wakiuza wanakipima kwanza, hawauzi kigonjwa. Kimekujia vipi, mwanangu?"

Hapo Cephas, mtu asiye na maneno, akapata maneno. Akamweleza Kultum kuhusu siku sita za basi, na leso, na fundo la pindo, na jinsi Nyangi alivyokitoa kwenye kifuko chake ili watu wa forodha wasione kitu kinachong'aa, akakifunga leso juu ya shimizi, kifuani, usiku kucha amekishikilia. Alieleza kwa fahari. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo na hakuyaficha.

Kultum alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Shimizi ya nailoni?"

"Nadhani."

"Lo, maskini. Kakitoa kwenye kile kifuko cha rangi ya fedha."

"Kifuko si cha kufungia tu?"

"Kile ndicho ngao yake, mwanangu. Nguo za nailoni zikisuguana zina umeme wake. Wewe wausikia uvuapo sweta, ta-ta-ta. Mtu haumii. Kidude hiki chaumia. Na hakifi, afadhali kingekufa tukajua. Chabaki nusu mgonjwa. Ukikiendesha taratibu kiko sawa, ukikihimiza mia chapotewa."

Cephas alikichukua kile kipande mkononi. Kwa hiyo ni yeye. Ni mikono ya Nyangi, na kifua cha Nyangi, na kule kukesha kwake. Angekitupa chini ya kiti cha basi pamoja na kuku na magunia, ndani ya kifuko chake, kingefika kizima. Alikikumbatia sana, na kule kukumbatia ndiko kulikokiumiza.

"Nina chengine kabatini," Kultum alisema kwa sauti ya chini. "Kizima. Chukua, niachie hicho, mimi nitakitumia kwenye mashine ya zamani."

"Hapana, mama. Nitatumia hiki hiki."

"Basi kiendeshe sitini na sita. Chenyewe chakwambia, nikipunguziwa mwendo nitakufanyia kazi. Wataka kikwambie kwa lugha gani?"

"Nitakishusha."

"Na mwenyewe utamwambia?"

"Nani?"

"Aliyekibeba."

"Hapana," Cephas alisema. "Hilo hapana."

Kultum akatikisa kichwa. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Lakini hayo ni yenu."

Jioni ile alikishusha, akafunga kifuniko, na usoni mwa kifuniko akaandika 66 kwa kalamu ya wino ili asije akashawishika tena. Kisha akaketi kuandika barua, maana Julai ilikuwa imeshaanza na barua zilichukua wiki mbili na zaidi.

Kwanza aliandika: rudi. Akalitazama neno hilo limekaa peke yake kwenye karatasi. Lilionekana kama mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani akiomba chumvi. Na tena, alijiuliza, je, kazi ya Mwalimu Truphena ikishindikana? Amwite mke wake aache mshahara, aje akae kwenye mabati na mashine inayokwenda nusu mgonjwa? Na akiuliza kwa nini inakwenda sitini na sita, amwambie nini? Akachukua karatasi nyingine.

"Mama Lynnet mpenzi," aliandika, "salamu nyingi kama mchanga wa ziwa. Mashine inakimbia mia na ni kwa sababu yako. Lynnet ameota meno ya mbele, sasa anauma kila kitu. Mimi niko sawa, sina shida yoyote, usiwe na wasiwasi wa huku. Kuhusu ile sahihi, usinifikirie mimi. Amua vile moyo wako unakutuma."

Aliisoma tena akaridhika. Aliona ameandika kama mwanamume, kwa ukarimu, bila kumbana mtu. Mimi ningekuwa karibu ningemnyang'anya ile barua nikaitia kwenye jiko, lakini sikuwa karibu, na asubuhi akaipeleka posta.

Matokeo ya shule arobaini na moja yaliingia katikati ya Julai, kwenye magunia mawili. Cephas aliyafanyia kazi siku tisa kwa kasi ya sitini na sita. Kila jioni alihifadhi kwenye flopi mbili, na kila asubuhi alilinganisha alichokiacha na alichokikuta. Hakukukwama kitu. Hakukubadilika tarakimu. Kusema kweli hata yeye hakuona tofauti ya mwendo. Ile theluthi iliyopungua, aliyoililia tangu Januari, ilikuwa ni kama kusubiri maji ya chai yachemke kidogo zaidi. Mwalimu Truphena alikuja Ijumaa ya tarehe thelathini na walimu wawili, wakachagua majina ovyo ovyo, wakayalinganisha na karatasi za alama kwa saa tatu. Hawakupata kosa hata moja.

"Wewe sasa ni mtu wetu," Mwalimu alisema, akavua miwani akaipangusa. "Muhula wa tatu tunaleta mapema. Tafuta na mtu wa kukusaidia."

Cephas alicheka peke yake mpaka usingizi ukamchukua. Kazi imeshika. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini na moja, ya mwisho wa mwezi, siku ambayo Nyangi alizoea kumpigia simu ya dukani kwa Noordin saa kumi jioni. Julai ilikuwa bado haijaisha. Sasa angeweza kumwambia.

Saa kumi kasoro robo alikuwa amesimama kwenye kaunta ya Noordin, kati ya wanawake wawili waliokuwa wakinunua misumari ya mabati na mzee mmoja aliyekuwa akibishana kuhusu bei ya bawaba. Simu ikalia. Noordin akaipokea, akanyoosha mkono.

"Botswana, bwana."

"Halo, Baba Lynnet."

"Mama Lynnet! Sikiza. Kazi imeshika. Shule arobaini na moja, hakuna makosa. Mwalimu amesema kila muhula ni yetu. Imeshika, Mama Lynnet."

Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa waya tu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nimefurahi." Sauti yake haikufurahi. "Nimeshatia sahihi."

"Sahihi ya?"

"Miaka miwili. Jumatano. Barua yako ilifika Jumatatu."

Cephas aliegemea kaunta. "Lakini barua ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri sana. Niliisoma Jumatatu, nikaisoma Jumanne, na Jumatano nikaisoma tena kwenye benchi nje ya ofisi, nikitafuta mahali uliposema nirudi. Sikupaona. Uko sawa. Huna shida yoyote. Mashine inakimbia mia. Sasa mtu aliye sawa hivyo nirudi kumfanyia nini?"

"Nyangi."

"Nilikwambia stendi, uniambie. Wewe umeniambia habari za mashine mwaka mzima."

"Haiendi mia," Cephas akasema.

"Nini?"

"Haijawahi. Tangu Januari inakwama. Inaenda sitini na sita. Nilikudanganya."

"Nilileta mbovu?"

"Hapana. Ni bodi yangu." Uongo huo mmoja aliubakiza, na hata leo Nyangi hajui ukweli wake. "Na mimi siko sawa. Sijawahi kuwa sawa. Nasikiliza salamu za Tarime kila jioni kama mjinga. Hicho kitanda sikitaki. Lynnet akija Jumapili anauliza, namwambia mama yako yuko kazini, halafu mimi ndiye sijui kulala."

Mzee wa bawaba alikuwa ameacha kubishana. Mmoja wa wale wanawake aliangalia misumari yake kama hajaiona kamwe. Cephas alijua kuwa wanamsikia, mwanamume mzima, dukani, Jumamosi, na akageukia ukuta.

"Basi sema," Nyangi akasema. Alikuwa akilia.

"Nini?"

"Unajua."

"Rudi."

"Nimetia sahihi, Baba Lynnet. Hawanitoi sasa. Ni miaka miwili."

"Najua."

"Sema tena."

"Rudi," Cephas akasema. "Rudi nyumbani, Nyangi."

Kwenye kadi ya simu ya Nyangi kulikuwa kumebaki dakika mbili, na kwa dakika hizo mbili hakutaka kusikia neno lingine ila hilo.